Mtu wa 66

Meza za pool za Ngarenaro, Unga Limited na Kijenge zina sheria ambayo haijaandikwa popote ila kila chalii wa Arusha anaijua: anayefungwa ndiye anayelipa. Unasubiri zamu yako, unatumbukiza sarafu ya mia tano, mipira inashuka kwa kishindo, unaipanga, na kama aliyeshika meza siku hiyo ni mkali, dakika tano hazijaisha umesharudi kwenye benchi. Mshindi anabaki. Anaweza kubaki tangu alasiri mpaka taa za mtaani zinawaka bila kutoa hata shilingi, huku waliofungwa wakipokezana kumlipia mchezo.

Nimecheza kwa sheria hiyo tangu ujana wangu na nilikuwa naiona ya haki kabisa. Mkali ale, mnyonge alipe. Aliyenifanya niitazame upya ni Mwingereza mmoja ambaye hata wenzangu wanaofuatilia snuka kwenye king'amuzi huwa nalazimika kuwakumbusha ni nani. Anaitwa Anthony Hamilton.

Ukiwauliza mashabiki wa snuka wakutajie majina, wataanza na Stephen Hendry na Ronnie O'Sullivan, kila mmoja na mataji yake 7 ya dunia, kisha watakuja John Higgins na Mark Williams. Hamilton atafika baadaye sana, kama atafika. Alizaliwa mwaka 1971 huko Nottingham, mji wa hadithi za Robin Hood na sherifu wake, na mashabiki wakampa jina la utani la "Sheriff of Pottingham", wakicheza na neno la Kiingereza la kutumbukiza mpira shimoni. Alianza kucheza kama mchezaji wa kulipwa mwaka 1991. Taji lake la kwanza katika mashindano yanayohesabiwa kwenye orodha ya ubora wa dunia alilipata Februari 2017, jijini Berlin, akiwa na umri wa miaka 45. Piga hesabu: ni karibu miaka 26 kazini. Na siku alipoingia ukumbi wa Tempodrom kwa ajili ya mashindano hayo, kwenye orodha ya ubora alikuwa mtu wa 66.

Namba hiyo ndiyo iliyonikaa kichwani. Ya mabingwa tunaisoma kila siku. Huyu wa 66 anaishi vipi? Anakula nini? Nani anamlipia nauli?

Kwa aliyezoea pool yetu tu, niseme kidogo kuhusu snuka yenyewe. Meza ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, karibu mara mbili ya urefu wa hizi za baa zetu, na mashimo yake ni ya ubahili: mpira unaoparuza ukingo wa shimo hutemwa nje, wakati kwenye meza zetu ungeingia bila tabu. Mipira ni 22. Kuna 15 myekundu ya pointi moja moja, kuna sita ya rangi kuanzia wa njano wenye pointi 2 mpaka mweusi wenye pointi 7, na kuna mweupe wa kupigia. Unaingiza mwekundu, unaingiza wa rangi, wa rangi anarudishwa mezani, unaendelea hivyo hivyo. Ukikosa, unakaa kwenye kiti na kumwangalia mwenzako, pengine nusu saa nzima, bila ruhusa ya kufanya lolote. Nusu ya ustadi wa mchezo huu haionekani kwenye mipira inayoingia. Upo katika kumfichia mwenzako mpira anaotakiwa kuugusa, na katika kukaa kwenye kile kiti bila akili kuchacha.

Hamilton hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Aliwahi kupanda mpaka nafasi ya 10 duniani. Kwenye ubingwa wa dunia, unaochezwa kila mwaka katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, alifika robo fainali mwaka 2000, akafika tena 2002 na tena 2007. Mipigo yake ya pointi mia na zaidi, ile wachezaji wanayoiita senchuri, imevuka 200. Huyo ni fundi. Kilichomkwepa ni kombe tu.

Mwaka 1999 alifika fainali ya British Open akafungwa kwa fremu 9-7 (fremu ni duru moja, tangu mipira kupangwa mpaka mshindi kupatikana) na Fergal O'Brien wa Ireland. Mwaka 2002 akafika fainali ya China Open, akakutana na Mark Williams, wakafikishana mpaka fremu ya mwisho kabisa, 9-8, Williams akachukua. Mtu aliyewahi kupoteza mchezo kwenye mpira mweusi wa mwisho, hata kama ni kwa dau la elfu mbili pale Kijenge, anajua unavyolala usiku ule. Sasa zidisha kwa fainali. Halafu subiri miaka 15 ndipo upate fainali nyingine ya kukufuta machozi.

Ndani ya miaka hiyo 15 alishuka kutoka 16 bora, akaendelea kushuka, vijana wakampita. Februari 2017 akaingia fainali ya German Masters, yale mashindano ya Berlin, dhidi ya Ali Carter, ambaye naye ana yake ya kusimulia, maana alishaugua saratani mara mbili na akarudi mezani. Carter akaongoza 5-2. Kwa waliokuwa wanaijua historia ya Hamilton, ilikuwa kama kutazama marudio ya vile vipigo vya zamani. Halafu Hamilton akashinda fremu saba kati ya nane zilizofuata na kumaliza 9-6. Zawadi ilikuwa euro 80,000, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikaribia shilingi milioni 190.

Kisa hiki kila anayekisimulia hukiita kisa cha uvumilivu. Nakubali nusu. Nusu nyingine nakataa, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Uvumilivu tunao hapa, na wa kutosha. Nina kijana mmoja wa Ngarenaro, jina lake nitalihifadhi, ambaye kwa miaka kama sita hivi hakuna aliyekuwa anamtoa mezani kirahisi. Fimbo yake alikuwa akiiweka ndani ya kipande cha bomba la plastiki, ncha zote mbili amezifunga kwa mfuniko na raba ya tairi, maana fimbo za baa zimepinda na nyingine ncha zake zimebandikwa kwa gundi ya viatu. Alikuwa anakuja na kipande cha msasa mfukoni. Kabla hajacheza anapangusa ncha taratibu, anapaka chaki kama mtu anayepaka dawa kidonda cha mtoto, ndipo anainama. Ile meza ilikuwa inavuta upande wa kaunta, mguu wake mmoja umewekewa katoni iliyokunjwa, na yeye alikuwa ameshaupima mwinamo wake wote. Niliwahi kumwona akiupiga mweupe kwa chini, ukamgonga mweusi aliyeganda kwenye ukingo, mweusi ukaingia shimo la kona na mweupe ukarudi nyuma taratibu, ukapinda na mwinamo wa meza na kusimama pale pale alipokuwa ameweka chaki yake kama alama. Hakutabasamu hata kidogo. Alikuwa anafanya mazoezi peke yake, saa tano asubuhi, kwa sarafu zake mwenyewe.

Huyo hana upungufu wa uvumilivu. Siku hizi anaendesha bodaboda kati ya Sakina na mjini, na pool anacheza kwa msimu, kukiwa na dau. Nilipomkuta stendi miezi michache iliyopita, alinisalimia, "Shikamoo braza," nikaitika, nikamuuliza mbona siku hizi hatumwoni mezani. Akasema, "Braza, pale nikishinda nashinda nini? Nabaki mezani tu." Sikuwa na jibu la kumpa.

Tutazame basi Hamilton alikuwa na nini ambacho chalii huyu hana, tukiacha kipaji pembeni.

Kwanza alikuta mlango wazi. Mwaka 1991 wakuu wa snuka walifungua mchezo wa kulipwa kwa yeyote mwenye ada ya kujiandikisha, na mamia wakaingia kwa pamoja. Hamilton aliingia kwenye kundi hilo, na O'Brien aliyekuja kumfunga kwenye fainali ya 1999 aliingia mwaka huo huo. Wengi wao walipotea haraka. Lakini kila mmoja alijua aanzie wapi na amfunge nani ili asogee mbele.

Pili, alikuwa na ngazi yenye vipandio vinavyohesabika. Leo mzunguko wa kulipwa una wachezaji wapatao 128 wenye kadi, yaani ruhusa ya kucheza humo. Mwisho wa msimu, walio ndani ya 64 bora wanabaki na kadi zao. Wa chini ya hapo ambao muda wa kadi zao za miaka miwili umekwisha wanatafuta njia nyingine, ikiwemo mashindano ya mchujo yanayoitwa Q School, ambako mtu aliyewahi kucheza Crucible anaweza kukutana na kijana wa miaka 16 asiye na cha kupoteza. Ni ngazi katili. Mtu wa 66 amesimama chini kidogo ya mstari huo, anauona kwa macho yake. Ila ukatili wa ngazi ni bora kuliko kutokuwa na ngazi, kwa sababu ngazi inakwambia uko wapi. Yule wa Ngarenaro hajui kama ni wa 3 Tanzania au wa 300. Hakuna anayejua.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, alikuwa na kesho. Msimu wa 2009/10 snuka ilikuwa na mashindano sita tu yanayohesabiwa kwenye orodha ya ubora. Mwaka 2010 promota Barry Hearn akashika usukani, na kufikia msimu ule wa 2016/17 mashindano ya namna hiyo yalikuwa yanakaribia 20. Mimi naamini kabisa kwamba bila mabadiliko hayo, Hamilton wa miaka 45 asingekuwepo Berlin. Mtu anayepoteza kwenye mashindano sita kwa mwaka anakaa nyumbani miezi, anazeeka akiwa kwenye kochi. Mtu mwenye mashindano 20 anafungwa Jumanne na baada ya wiki mbili ana tiketi ya mji mwingine. Uvumilivu wake una pa kwenda.

Si kwamba mfumo ule ni wa malaika. Mchezaji wa snuka ni mtu aliyejiajiri: nauli yake, hoteli yake, ada zake, na kwa miaka mingi aliyefungwa raundi ya kwanza kwenye mashindano mengi alirudi nyumbani bila kitu, sawa na pale kwetu. Matokeo yake yalionekana. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa katika kashfa ya kupanga matokeo. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Simtetei aliyeuza mechi, na baadhi yao hawakuwa na shida ya kipato hata kidogo. Lakini mchezo wowote ukiacha watu wa chini wakiwa na njaa, umewaachia wapanga matokeo duka wazi, na vijana wengi katika kashfa ile walikuwa ni wa huko chini. Kuanzia msimu wa 2022/23 waendeshaji wa mzunguko walikuwa wameanza kumhakikishia kila mwenye kadi angalau pauni 20,000 kwa msimu, zaidi ya shilingi milioni 50, hata kama hashindi mechi. Anachovuna kwenye mashindano kinahesabiwa humo humo mpaka akivuke kiwango. Kwa maisha ya Uingereza hizo si hela za kujengea nyumba. Ni hela za kutofikiria nauli wakati umeinama juu ya mpira mweupe.

Ninapenda kumtaja O'Brien tena hapa, kwa sababu miezi miwili tu baada ya Berlin alifanya jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko taji. Aprili 2017, kwenye raundi ya mwisho ya mchujo wa kwenda Crucible, yeye na David Gilbert walikuwa sare 9-9. Fremu ya mwisho ikachukua dakika 123 na sekunde 41. Saa mbili na ushee kwa fremu moja, ndefu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa katika mchezo wa kulipwa. O'Brien alikuwa na miaka 45, umri ule ule wa Hamilton. Akashinda, akaenda Crucible, akafungwa 10-2 na Mark Selby. Huko mbali mtu anaweza kucheka: saa mbili za jasho ili ukafungwe kumi kwa mbili? Lakini kushinda mchujo peke yake kulikuwa na fedha na pointi, na hata Gilbert aliyefungwa hakutoka mikono mitupu. Saa zile mbili zilikuwa na thamani iliyoandikwa mahali. O'Brien aliendelea kucheza mpaka 2024 ndipo akastaafu.

Na Hamilton mwenyewe akaonyesha upande mwingine wa jambo hili mwaka 2020. Baada ya miaka mingi ya kukwama kwenye mchujo alifuzu tena kucheza Crucible. Wakati huo Covid ilikuwa imetanda, na ukumbi ulikuwa umepangwa kupokea watazamaji kwa majaribio. Hamilton ana pumu. Akajitoa. Kyren Wilson aliyekuwa acheze naye akapita bila kupiga mpira, na akafika mpaka fainali. Kuna waliosema kajinyima nafasi ya mwisho ya maisha. Mimi namwona mtu aliyeweza kusema hapana kwa mechi kubwa kuliko zote kwa kuwa kufungiwa mlango mmoja hakukumaanisha kufungiwa maisha. Kijana wa dau la elfu kumi hawezi kusema hapana akiwa na homa. Atacheza hivyo hivyo.

Arusha hatuhitaji kufundishwa hili na Waingereza, kwa sababu tumelishuhudia kwenye riadha. Alphonce Simbu amekimbia barabara hizi hizi zetu alfajiri kwa miaka. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa 5. Mwaka 2017 akapata shaba ya dunia London. Olimpiki ya Tokyo akawa wa 7. Aprili 2025 akawa wa pili Boston, na Septemba mwaka huo huo, kwenye mashindano ya dunia Tokyo, akapata dhahabu ya marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, picha ya mstari wa mwisho ndiyo ikaamua. Kati ya shaba na dhahabu ni miaka minane. Nchi nzima ilishangilia uvumilivu wake, na alistahili. Ila Simbu ni askari wa JWTZ. Kuna mshahara uliokuwa unaingia kila mwezi, aliposhinda na alipokuwa wa saba. Marathoni zina zawadi za nafasi kadhaa, zina mialiko, zina mawakala. Miaka minane ile ililipiwa na mtu. Tukiitaja dhahabu bila kuutaja mshahara, tunawadanganya vijana.

Sasa turudi kwenye pool yetu. Haijawahi kukosa watu. Kwa miaka kadhaa bia ya Safari Lager ilidhamini mashindano ya taifa chini ya chama cha pool, mikoa ikapeleka timu, Arusha na Kilimanjaro zikiwemo, na vyuo vikuu vikawa na mashindano yao. Ulikuwa wakati mzuri, na waliocheza wakati ule bado wanahifadhi fulana zake. Lakini mashindano ya mara moja kwa mwaka, yaliyosimama kwa mguu wa mdhamini mmoja, ni sherehe. Sherehe ikiisha watu wanakunja turubai. Kilichobaki katikati ya mwaka ni ile ile sheria ya anayefungwa analipa.

Na upande wa pili kuna jicho baya la wakubwa. Mwaka 2016 wimbi la kukataza pool saa za kazi lilipopamba moto nchini, kijana mwenye fimbo mkononi asubuhi alikuwa anatazamwa kama mhalifu. Nawaelewa waliolisukuma. Nami ni mzazi, sipendi kuona kijana mzima amekaa baa saa nne asubuhi. Lakini tuliweka kapu moja mvivu na mtu anayefanya mazoezi. Mkimbiaji anayepita Barabara ya Njiro saa mbili asubuhi siku ya kazi hatumwulizi kwa nini hayuko shambani. Tumekubali kwamba ile ni kazi, ingawa ni mmoja kati ya mamia atakayemkaribia Simbu. Huyu wa fimbo tumemnyima heshima hiyo kwa sababu meza yake imewekwa karibu na friji la bia.

Nafahamu hoja itakayokuja: snuka ya wenzetu ina televisheni, ina makampuni ya kubashiri, ina fedha za China, sisi tutatoa wapi? Na tena snuka si mchezo wetu. Ni kweli ilizaliwa kwenye mesi ya maofisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875, na Afrika Mashariki ikaletwa na watu wa aina hiyo hiyo na kufungiwa ndani ya klabu zao. Lakini mlango wa Afrika upo. Bingwa wa Afrika amekuwa akipewa kadi ya kucheza kwenye mzunguko wa dunia. Mohamed Ibrahim wa Misri na Amine Amiri wa Morocco walipitia hapo. Hawakutikisa dunia, walifungwa sana, lakini waliingia. Na meza ya snuka ya futi 12 si lazima uanze nayo. Macho, mkono na akili ya kukaa kwenye kiti vinajengwa kwenye meza yoyote iliyosawazishwa.

Wala sidhani tunahitaji mabilioni kuanza. Tunahitaji kuacha kutafuta bingwa kwanza. Kila mara linapoundwa shindano hapa, zawadi yote inaenda juu: wa kwanza pikipiki, wa pili laki chache, wa tatu fulana, waliobaki asanteni kwa kuja. Mwaka unaofuata waliobaki hawaji. Mimi ningeigawa ile pikipiki. Ningeifanya ligi ya kila wiki, meza nane au kumi za kata tofauti, kila mechi iandikwe, aliyefungwa apate pointi ya kuhudhuria, na orodha ibandikwe ukutani tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwenye baa atapata wateja usiku ambao hana wateja. Mwenye meza atapata sababu ya kubadilisha kitambaa kilichochanika. Na ningetafuta meza mbili nje ya baa, kwenye ukumbi wa kata au kituo cha vijana, ili mtoto wa miaka 14 mwenye mkono mzuri asilazimike kujifunzia katikati ya walevi.

Wengine hapa mjini wameniambia orodha ya watu 66 itawaaibisha walio chini. Sidhani. Aibu ni kucheza miaka sita na jina lako lisiwe popote.

Wiki iliyopita nilinunua daftari la kaunta pale Soko Kuu, nikalipigia mistari kwa rula nikiwa nyumbani: jina, kata, alicheza, alishinda, alifungwa, pointi. Nikaenda nalo stendi. Yule kijana wa bomba la plastiki alikuwa anasubiri abiria, kofia ya chuma ameiweka juu ya tenki. Akalifungua, akasoma vichwa vya mistari kimya kimya, akarudi kwenye ule wa tano.

"Na aliyefungwa naye anaandikwa?"

"Anaandikwa."

"Mia tano ya meza analipa nani?"

Nikamwambia nusu kwa nusu, na kwamba mwenye meza mmoja ameshakubali kupunguza bei siku za ligi. Nilikuwa nimepanga iwe Ijumaa jioni. Akatikisa kichwa. Ijumaa jioni, braza, ndiyo abiria wenyewe, hapo hata yeye hawezi, na wenzake watatu wakali wanaoendesha kama yeye hawawezi. Tukabishana kidogo pale pikipiki zikipita, mteja mmoja akamwita, kijana akamwomba asubiri. Tukafika Jumatatu, saa mbili usiku, watu wakishafika makwao.